Influenza itaingia kwa mlango gani? Kisa cha chanjo katika nyumba yenye watoto watatu

Usuli

Kisa hiki kinahusu wazazi wawili, watoto wao watatu na bibi anayeishi nao. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa. Muda unahesabiwa kwa wiki, kuanzia siku kliniki ilipotangaza kwamba chanjo ya msimu imefika.

Mtoto wa kwanza ni msichana wa miaka 7 mwenye kilo 22. Ana pumu, anatumia dawa ya kuvuta ya kinga kila siku, na ndani ya mwezi mmoja kabla ya tangazo alikuwa amebanwa kifua mara mbili. Wa pili ni mvulana wa miaka 3, mzima, ndiyo kwanza ameanza chekechea. Wa tatu ni mtoto wa kunyonya, ambaye wakati wa tangazo alikuwa na miezi 3. Hakuna kati yao aliyewahi kuchanjwa dhidi ya influenza. Mama naye hakuchanjwa alipokuwa na ujauzito wa huyu mdogo, kwa sababu hakuna aliyemtajia.

Mama alitaka msichana achanjwe kwa ajili ya pumu. Baba hakutaka mtoto yeyote achanjwe: miaka michache nyuma alichomwa sindano hiyo kazini na siku ya tatu akalala kitandani na homa. Bibi alisema mafua ni ya kila mtoto, na mtoto asipougua mwili wake hautakomaa.

Hapo pana jambo la lugha ambalo liliathiri kila kilichofuata. Kwa Kiswahili cha kila siku, mafua ni pua inayotiririka, chafya na koo linalowasha. Siku tano sita yamekwisha. Ugonjwa unaokingwa na chanjo hii nao tunauita mafua, homa ya mafua au mafua makali, lakini si ule. Influenza humpiga mtoto ghafla: asubuhi anacheza, jioni ana joto la nyuzi 39 au zaidi, viungo vinauma, hataki kula, amelegea. Inaweza kuishia kwenye nimonia, degedege la homa au maambukizi ya sikio, na kwa mwenye pumu hubana kifua vibaya. Mzazi akisikia “chanjo ya mafua” hujiuliza, na ana haki kujiuliza, kwa nini mtoto achomwe sindano kwa sababu ya kamasi. Tangu hapa tutasema influenza kwa ugonjwa wa chanjo, na mafua kwa yale mepesi yanayoletwa na virusi vingine vingi.

Mazungumzo ya wiki ya 3

Wiki tatu zilipita bila uamuzi. Wazazi hawakukataa, walisema wataangalia. Wiki ya 3 walimpeleka mdogo kwa chanjo zake za kawaida, na muuguzi akawauliza kuhusu hao wakubwa wawili.

Baba alisimulia habari ya sindano ya kazini. Muuguzi hakumwambia kwamba amekosea. Alimwuliza, “Baba, uliugua siku ya ngapi baada ya sindano?” Akajibu, ya tatu. Muuguzi akageuza karatasi ya miadi, akachora mstari wenye alama ya siku 0 na ya siku 14, kisha akaweka nukta kwenye siku ya 3. Akaeleza kwamba kingamwili huchukua kama wiki mbili kufikia kiwango cha kukinga, na kwamba influenza huonyesha dalili siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Mtu anayeugua siku ya tatu amekutana na virusi kabla chanjo haijaanza kumkinga, au ameugua kitu kingine kabisa. Virusi vilivyomo kwenye sindano vimeuawa na kuvunjwavunjwa, haviwezi kuzaliana mwilini. Kinachoweza kutokea ni maumivu mahali pa sindano, na kwa watoto joto dogo la siku moja au mbili.

Kisha akasema jambo ambalo wahudumu wengi huogopa kulisema: chanjo hii haizuii kila kitu. Katika misimu ambayo aina za virusi zilizochaguliwa zinafanana na zile zinazozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua hadi kuhitaji daktari kwa kati ya asilimia 40 na 60. Kwa maneno mengine, kati ya watoto 10 ambao wangeugua kiasi hicho, 4 hadi 6 huepuka. Kinga dhidi ya mafua ya kawaida haipo kabisa.

Baba aliuliza kwa nini basi wasitengeneze iliyo bora. Ni swali zuri, na jibu lake linasaidia kuelewa kwa nini chanjo hurudiwa kila mwaka. Virusi vya influenza hubadilika bila kukoma. Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka kupendekeza aina za kuwekwa kwenye chanjo: Februari kwa msimu wa nusu ya kaskazini ya dunia, Septemba kwa ule wa kusini. Utengenezaji huchukua takriban miezi sita, na katika miezi hiyo virusi huweza kusogea. Chanjo nyingi za sasa zina aina tatu, mbili za kundi A na moja ya kundi B. Aina ya nne, iitwayo Yamagata, iliondolewa kwa kuwa haijathibitishwa popote tangu Machi 2020.

Maamuzi ya awali na sababu zake

Waliamua msichana achanjwe, kwa sababu ya pumu. Muuguzi alichagua sindano badala ya dawa ya kupuliza puani. Ile ya puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Hutolewa kuanzia miaka 2, haifai kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4 mwenye pumu au aliyebanwa kifua ndani ya mwaka mmoja uliopita, na kwa mkubwa zaidi mwenye pumu inahitaji tahadhari. Kwa msichana ambaye kifua kilimbana mara mbili mwezi huo, sindano ilikuwa uamuzi sahihi.

Waliamua mvulana asubiri. Sababu ya baba ilikuwa kwamba huyu ni mzima, ana nguvu, na kama kweli chanjo inakinga nusunusu basi apewe mwenye shida. Mama alikubali. Muuguzi hakusukuma zaidi. Alikwisha pata ndiyo moja ngumu na hakutaka kuipoteza.

Kuhusu mdogo hapakuwa na uamuzi wa kufanya, kwani chanjo hii haitolewi chini ya miezi 6. Ndivyo walivyoambiwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Wazazi na bibi hawakuulizwa kama wao wenyewe wamechanjwa.

Mfululizo wa matukio

Wiki ya 3, siku mbili baada ya mazungumzo, msichana alichomwa dozi ya kwanza, mililita 0.5, kwenye msuli wa bega, akakaa dakika 15 chini ya uangalizi. Kwa kuwa ana umri chini ya miaka 9 na ni mara yake ya kwanza, alihitaji dozi mbili zilizoachana kwa wiki 4 au zaidi. Kwenye kadi iliandikwa “influenza” na tarehe ya siku hiyo. Namba ya dozi haikuandikwa. Tarehe ya kurudi, wiki ya 7, ilitajwa kwa mdomo.

Usiku ule alipata joto la 38.2 na mkono ukamuuma. Kesho yake joto lilishuka. Siku ya nne akaanza kutiririka kamasi, na baba akamwambia mama, “Si nilisema?”

Wiki ya 7 kamasi zilikuwa zimerudi, bila homa. Mama alipiga simu kuuliza kama aje. Aliyepokea alimwambia asubiri mtoto apone kwanza, wakapanga wiki ya 10.

Wiki ya 9, siku ya Jumatatu, mvulana alirudi kutoka chekechea amelegea. Jioni kipimajoto kilisoma 39.5. Jumatano msichana naye akapata homa, na usiku kifua kikaanza kulia. Alhamisi alfajiri mdogo, sasa wa miezi 5 na kilo 6, aliachia ziwa katikati ya kunyonya na kuanza kulia kwa sauti dhaifu. Saa nne asubuhi wote watatu walikuwa kliniki.

Muuguzi alimlaza mdogo mapajani mwa mama, akafunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, si kwa sekunde 15 kisha kuzidisha. Zilikuwa 62. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikiingia ndani kila anapovuta hewa, na kiwango cha oksijeni katika damu kilikuwa asilimia 90. Nepi haikuwa imelowa tangu usiku. Kipimo cha haraka cha ute wa puani kilionyesha influenza A kwake na kwa kaka yake.

Mdogo alilazwa. Alipewa oksijeni, maziwa ya mama kwa mpira wa puani, na oseltamivir, dawa inayopambana na virusi vya influenza, miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito mara mbili kwa siku kwa siku 5. Kwa kilo 6 hiyo ni miligramu 18, yaani mililita 3 za maji ya dawa yenye miligramu 6 kwa kila mililita. Dozi ya kwanza aliipata saa chache tu tangu dalili zianze. Dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48. Msichana, kwa ajili ya pumu, alipewa miligramu 45 mara mbili kwa siku kwa siku 5, pamoja na salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua kifua, kupitia spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Mvulana hakupewa, alikuwa tayari katika siku ya tatu, joto limeshuka, ameomba chakula.

Bibi alikuwa amempa mvulana nusu kidonge cha aspirini Jumanne. Aliambiwa kwa upole asirudie. Kwa watoto wenye influenza aspirini inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ubongo na ini. Paracetamol, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa kila dozi, inatosha kutuliza homa.

Matokeo

Mdogo alitolewa oksijeni siku ya tatu na kwenda nyumbani siku ya nne akinyonya vizuri. Msichana alikuwa na homa kwa siku mbili na alihitaji pampu kwa wiki moja, lakini hakulazwa. Mvulana alirudi chekechea wiki iliyofuata.

Wiki ya 11 msichana alipata dozi ya pili na mvulana dozi ya kwanza. Baba, mama na bibi nao walichomwa siku hiyo hiyo, dozi moja kila mmoja. Mdogo alipofikisha miezi 6 alianza dozi zake mbili, akichomwa kwenye paja, kama ilivyo kwa watoto chini ya mwaka mmoja.

Baba aliuliza kama kuna faida kumchanja mtoto aliyekwisha ugua. Ipo: waliugua influenza A ya aina moja, na chanjo ina aina tatu. Kinachosubiriwa ni homa ipite tu. Oseltamivir haiingiliani na sindano, ila inaweza kuidhoofisha ile ya puani kwa kuwa inashambulia virusi hai vilivyomo.

Uchambuzi: swali lililoulizwa

Kosa kubwa katika kisa hiki halikuwa la baba kukataa. Mkutano mzima wa wiki ya 3 ulijibu swali la “mtoto yupi anahitaji chanjo?” Ukiuliza hivyo, jibu la wazazi lina mantiki kabisa: mwenye pumu ndiyo, mzima hapana, mdogo haruhusiwi. Lakini nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja ambaye hawezi kuchanjwa na ambaye akiugua ndiye atakayeumia zaidi. Kwa hiyo swali lilitakiwa kuwa: influenza itaingia humu kwa mlango gani, na nani anaweza kuusimamia?

Mlango ulikuwa mvulana. Mtoto wa miaka 3 aliyeanza chekechea hushika kila kitu, hupeleka mikono mdomoni, na huambukiza kuanzia siku moja kabla ya dalili. Watoto wadogo huweza kuendelea kutoa virusi kwa zaidi ya wiki. Kumwacha bila chanjo ulikuwa uamuzi kuhusu mdogo, bila yeyote chumbani kutambua hivyo. Laiti baba angeelezwa kwamba sindano ya mvulana ni sehemu ya kinga ya mtoto wa kunyonya, pengine angesema bado hapana. Ila angekuwa amekataa jambo analolijua.

Wala “mzima, ana nguvu” si hoja salama kwa mvulana mwenyewe. Nchini Marekani, ambako kila kifo cha mtoto kutokana na influenza huripotiwa tangu 2004, takriban nusu ya watoto hao hawakuwa na ugonjwa wowote wa awali, na walio wengi hawakuwa wamechanjwa kikamilifu. Uchunguzi wa huko wa misimu ya 2010 hadi 2014 ulikuta kwamba chanjo ilipunguza hatari ya kifo kwa asilimia 65 kwa watoto wasio na magonjwa mengine, na kwa asilimia 51 kwa walio nayo. Vifo hivi ni vichache. Lakini mzazi anayepima faida za chanjo anastahili kujua kwamba haziko kwa wagonjwa peke yao.

Mdogo naye angeweza kulindwa mapema zaidi. Mama akichanjwa wakati wa ujauzito, kingamwili hupita kwenye kondo na kumkinga mtoto katika miezi yake ya kwanza, ile ile ambayo hawezi kuchanjwa. Nafasi hiyo ilipotea kimya kimya kwenye mahudhurio ya kliniki ya wajawazito. Baada ya kujifungua, bado mama, baba na bibi wangeweza kuchanjwa wiki ya 3. Wazazi walikuwa wamesimama mbele ya kabati la chanjo, na hakuna aliyeuliza.

Uchambuzi: dozi ya pili

Mtoto ambaye mwili wake haujawahi kufundishwa kuijua influenza huhitaji dozi ya kwanza kuufungua macho na ya pili kuimarisha. Dozi moja katika umri huu ni chanjo nusu, na msichana aliingia katika mlipuko akiwa na nusu hiyo.

Aliahirishwa kwa kamasi. Kamasi bila homa si sababu ya kuahirisha sindano. Kinachofaa kusubiriwa ni ugonjwa wa wastani au mkali. Ukweli mwingine wa kawaida ni kwamba mtoto wa shule karibu hana wiki isiyo na kamasi, kwa hiyo kusubiri pua ikauke ni kuahirisha bila mwisho. Aliyepokea simu hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na mwongozo mezani. Mstari mmoja ungetosha: “Ana homa? Amelegea? Kama hapana, aje.”

Kadi nayo ilichangia. Palipotakiwa “influenza 1/2, arudi” na tarehe ya siku 28 mbele, paliandikwa neno moja. Baba alipoulizwa baadaye alisema alidhani msichana amemaliza. Inafaa ijulikane pia kwamba dozi ya pili ikichelewa, hesabu haianzi upya. Anapewa siku atakayofika.

Na neno mafua lilifanya kazi yake hapa mara mbili. Siku ya nne, kamasi zikawa ushahidi wa baba kwamba chanjo imemgonjesha mtoto. Wiki ya 7, kamasi hizo hizo zikawa sababu ya kutorudi. Ingesaidia sana kama wakati wa dozi ya kwanza mzazi angeambiwa: “Mtoto wako atapata mafua tena mwezi huu, karibu kwa hakika. Hayahusiani na sindano hii, na yasimzuie kurudi.”

Kilichofaa

Mstari uliochorwa nyuma ya karatasi ya miadi ulifanya kazi kuliko maelezo yoyote. Baba aliukumbuka wiki ya 11 na kumweleza bibi mwenyewe, nukta ya siku ya 3 na yote. Ulifaa kwa sababu ulianza na yaliyompata yeye na kuyapa nafasi, badala ya kuyafuta.

Kusema ukweli kuhusu asilimia 40 hadi 60 pia kulilipa. Msichana alipougua baada ya dozi moja, baba hakudai kuwa amedanganywa. Mzazi aliyeahidiwa kinga kamili angeondoka hapo na asirudi.

Dawa ya mdogo ilianza mapema kwa sababu mama alitambua dalili za hatari. Wiki ya 3 alikuwa ametajiwa nne: pumzi za haraka au mbavu kuingia ndani, kukataa kunyonya, kukosa mkojo kwa saa 8, na homa iliyoshuka kisha ikarudi kwa nguvu. Alfajiri ile aliziona tatu na hakungoja kuona mchana utakuwaje.

Yasiyoweza kudaiwa

Haiwezekani kusema msichana aliepuka kulazwa kwa sababu ya dozi ile moja. Alipata pia dawa mapema na pampu. Wala haiwezekani kusema mdogo asingeugua kama kaka yake angechanjwa. Mvulana angeweza kuwa miongoni mwa wale ambao chanjo haikuwakinga, na mama au bibi wangeweza kuleta virusi kutoka kwingine. Inachoonyesha nyumba moja ni mahali maamuzi yalipofanyika na mahali yalipopita bila kufanywa.

Kilichobadilishwa

Kliniki iliongeza maswali mawili kwenye fomu ya chanjo ya influenza: “Nyumbani kuna mtoto chini ya miezi 6, mjamzito, mzee au mgonjwa wa kudumu?” na “Hii ni dozi ya ngapi?” Tarehe ya dozi ya pili sasa huandikwa kwenye kadi kabla sindano haijachomwa, wakati mzazi bado amekaa na anaweza kuangalia kalenda yake. Msimu ujao msichana atahitaji dozi moja, na mvulana pia, mradi awe amepata dozi yake ya pili. Mdogo vilevile, kwa kuwa alirudi wiki ya 17 kwa dozi yake ya pili, kamasi zikimtoka, akachomwa.